Maswali ya Wasomaji: Mtaa wa Wafanyakazi wa Mafuta na Mji Utakaobaki

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu wanaoishi au kufanya kazi kando ya bomba la mafuta ghafi litokalo Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Wenye ardhi wanataka kujenga, wapangaji wanaogopa kufukuzwa, halmashauri zinajiuliza kambi zitakuwaje mkandarasi akishaondoka. Tumeongeza barua moja kutoka Turkana, Kenya, kwa sababu yaliyotokea kule yanawahusu wote.

Familia yetu ina shamba la ekari 5 nje ya Jiji la Tanga, upande wa barabara ya Horohoro, si mbali na njia ya kwenda Chongoleani. Kaka zangu wanataka gesti ya vyumba 150 kwa ajili ya mafundi wa bomba na matanki. Mimi naona tuchanganye vyumba, nyumba za familia na fremu za biashara. Nani yuko sahihi, na tuanzie wapi? — Msomaji, Tanga

Wewe uko sahihi, dada, na kaka zako tunaomba wasome jibu hili pamoja nawe kabla hawajapeleka lori la kwanza la mawe.

Kazi ya mafuta huja kwa mawimbi. Kwanza wanakuja wa kusafisha njia na kuchimba, kisha wachomeleaji na wajenzi wa matanki, kisha mafundi umeme na wapimaji. Kila kundi likimaliza sehemu yake linaondoka lote kwa mpigo. Wanaobaki kuendesha kituo ni wachache sana: waendeshaji wa chumba cha kudhibiti, mafundi wa zamu, wahudumu wa gati, walinzi, wapishi na madereva. Chongoleani imepangiwa matanki manne, kila moja la mapipa 500,000. Kuyajenga kunahitaji mamia ya watu, lakini kuyasimamia hakuhitaji hata robo yao. Kwa hiyo vyumba 150 vya aina moja vitajaa mwezi mmoja na kuwa vitupu mwezi mwingine, na mkopo wa benki hautajua kwamba bomba limekamilika.

Ekari 5 ni takriban mita za mraba 20,200. Tenga robo kwa barabara za ndani na mifereji. Tenga kama mita 2,000 kwa huduma, yaani tangi la maji, majitaka, transfoma na sehemu ya taka, na nyingine 2,000 kwa miti na uwanja. Zinabaki kama 11,000 za majengo, nyua na maegesho. Mbele, kwenye barabara, weka fremu 12 za mita 4 kwa 6, na juu yake ghorofa moja ya ofisi au vyumba. Katikati weka vyumba 60 katika majengo ya ghorofa moja. Nyuma kabisa, penye utulivu, weka nyumba 12 za familia za vyumba viwili vya kulala. Msijenge vyote kwa pamoja. Fremu 6 na vyumba 24 vinatosha kwa awamu ya kwanza, ila barabara, mfereji mkuu na bomba la majitaka vipimwe tangu mwanzo kwa mtaa mzima, maana hivyo ndivyo visivyopanuka kirahisi baadaye.

Jambo la maana kuliko yote ni kuchora chumba kitakachokubali kugeuzwa. Tumia chumba cha mita 3.6 kwa 4.8, na bafu lake la mita 1.2 kwa 2.1 likiwa ndani ya kipimo hicho. Mabafu ya vyumba viwili jirani yagusane migongo ili yatumie njia moja ya mabomba. Kwenye ukuta unaotenganisha vyumba hivyo, mimina lenta ya mlango wa sentimita 90, halafu ziba kwa tofali tupu bila nondo. Katika chumba cha pili acha ncha ya maji safi na ncha ya majitaka zikiwa zimezibwa, mahali patakapokuwa jiko. Wafanyakazi wakiondoka unatoa tofali, unaweka sinki na kabati, na vyumba viwili vimekuwa nyumba ya mtu mwenye mke na mtoto. Kuacha ncha hizo wakati wa ujenzi ni gharama ndogo. Kuja kuvunja sakafu ya zege baadaye ili upitishe bomba la inchi 4 ndiko kunakowafanya wengi waache majengo yao yaoze.

Mwongozo wa makazi ya wafanyakazi wa mwaka 2009 wa IFC na EBRD, taasisi za kimataifa zinazokopesha miradi, ambao kampuni kubwa huufuata, unataka mita za mraba 4 hadi 5.5 kwa kila mtu na dari isiyopungua mita 2.1. Kwa pwani yetu dari ya mita 2.1 ni tanuri. Jenga mita 3, na madirisha ya pande mbili zinazotazamana.

Sasa umeme na maji, na hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 hula kama kilowati 0.9, hivyo vyumba 60 ni kilowati 54. Hizo zinabebeka. Lakini hita ya papo kwa papo ya bafuni hula kilowati 3 hadi 5, na wafanyakazi wa zamu huoga wote kwa wakati mmoja, saa 12 jioni zamu inapobadilika. Hita 60 za kilowati 4 ni kilowati 240, na hapo transfoma hulia au jenereta huzimika. Tanga si Njombe yenye baridi: weka hita za jua juu ya paa, au usiweke kabisa. Kwa sababu hiyohiyo ya watu kuoga pamoja, bomba kuu la kushusha maji kutoka tangini liwe la milimita 63. Ukiweka la 32, chumba cha mwisho hakitapata maji jioni hata tangi likiwa limejaa.

Malori yasiingie ndani ya mtaa. Trela linahitaji nafasi ya mita 4 kwa 20 kusimama na nusu kipenyo cha kama mita 13 kugeuka, kwa hiyo maegesho yake yawe mbele, nje ya lango, na sakafu ya kokoto iliyoshindiliwa. Watu wa zamu ya usiku hulala mchana. Wape jengo la nyuma lenye mapazia mazito, mbali na jenereta, mbali na fremu yenye muziki. Fundi asiyelala ndiye anayeangushia mwenzake spana kutoka juu.

Kuhusu kibali: kwanza nendeni ofisi ya mipango miji ya jiji muulize eneo lenu limepangiwa matumizi gani. Kama bado ni shamba, litahitaji mchoro wa mipango miji, upimaji, na hati inayotaja makazi na biashara, kisha kibali cha ujenzi. Kwa mradi wa ukubwa huu muulizeni pia NEMC (baraza la taifa la mazingira) mapema kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira, maana ikianza mwishoni itasimamisha kila kitu. Hakikisheni kwamba hamgusi mkuza wa bomba, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, ambao una upana wa mita 30 wakati wa ujenzi. Kama mpaka wenu unafika karibu na bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nyumba zile 12 mnaweza kuziuza moja moja baadaye kwa sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya mwaka 2008. Hiyo ni njia nzuri ya kumaliza deni la benki bila kuuza ardhi yote.

Nasimamia kambi ya watu 200 wilayani Handeni. Choo kinafurika kila mara na gari la majitaka linatoka mbali. Tuna karo la majitaka la vyumba viwili na shimo moja la kunyonya lenye kipenyo cha mita 3 na kina cha mita 4. Fundi anasema tuchimbe lingine kama hilo. Litasaidia? — Msimamizi wa kambi

Halitasaidia, na hesabu inaonyesha kwa nini. Watu 200 wakitumia lita 150 kila mmoja kwa siku ni lita 30,000. Kiasi cha asilimia 85 hurudi kama majitaka, yaani lita 25,500. Kuta za shimo lako zina eneo la kama mita za mraba 38. Udongo tifutifu wa kawaida hunywa kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa siku, majitaka yakishapita kwenye karo. Shimo lako basi linanywa chini ya lita 1,000 kwa siku. Linaletewa lita 25,500. Ukichimba la pili utanywesha lita 2,000, na utakuwa umepata kama siku moja tu kabla halijafurika nalo.

Anza na mita ya maji. Isome kila asubuhi kwa siku 7. Matangi ya vyoo yanayovuja ndani ndiyo mwizi mkubwa, na hayaonekani kwa macho: tia rangi ya chakula kwenye tangi la juu, usivute, na rangi ikionekana kwenye bakuli baada ya robo saa, badilisha mpira wa chini. Ukishuka hadi lita 100 kwa mtu umeondoa theluthi moja ya tatizo kwa bei ya mipira. Usishuke chini zaidi kwa kuwanyima watu maji. Mwongozo tulioutaja unataka lita 80 hadi 180, na mtu anayeshinda kwenye vumbi jekundu la Handeni ana haki ya kuoga akatakata.

Pili, nenda jikoni. Kama sinki za kuoshea masufuria zinaingia moja kwa moja kwenye karo, mafuta ya kupikia yameshaziba udongo wa shimo lako, na hakuna kemikali ya dukani itakayouzibua. Jenga mtego wa mafuta wa lita 1,500 hadi 2,000 nje ya jiko, wenye kuta mbili za ndani: ya kwanza inazuia juu, ya pili inazuia chini. Mfuniko uwe mwepesi kiasi cha mtu mmoja kuuinua. Uliojengwa kwa zege zito hautafunguliwa kamwe. Mafuta yaenguliwe kila wiki, na jina la anayeengua liandikwe kwenye ratiba ya jikoni.

Tatu, pima karo lenyewe. Kwa watu 200 unahitaji nafasi ya majitaka ya siku mbili, mita za ujazo 51, pamoja na nafasi ya tope: lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka miwili, ni mita za ujazo 16. Jumla 67. Karo la ndani mita 11 kwa 3.5, maji yakiwa na kina cha mita 1.8, linatosha. Chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili. Bomba la kutokea liwe na kichwa cha T kinachozama, la sivyo povu la juu litapita.

Mwisho, badala ya shimo, chimba mitaro. Kabla ya kuchimba, jaribu udongo: chimba vishimo vya sentimita 30 kwa 30 sehemu nne au tano, kina sawa na cha mitaro. Vijaze maji jioni, asubuhi vijaze tena, halafu pima maji yanashuka kiasi gani kwa nusu saa. Kama yanashuka vizuri kama ya udongo tifutifu, unahitaji mita za mraba 1,020 za kuta. Mtaro wenye kokoto zenye kina cha mita 1 chini ya bomba unakupa mita 2 za mraba kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo urefu wa mita 510: mitaro 17 ya mita 30, ikiachana mita 2. Hiyo ni kama theluthi ya ekari. Usiegeshe gari juu yake. Kaa mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kwa wenzako walio kwenye ardhi ya matumbawe karibu na bahari, hata mita hizo hazitoshi, kwani maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa. Huko tunashauri mtambo wa kusafisha majitaka au mabwawa, hata kama ni ghali. Kinachofuata kwenye nyufa ni kisima cha majirani.

Chumba chetu kina vitanda vinane vya ghorofa katika nyumba ambayo kampuni ndogo imetupangia. Mlango ni mmoja na dirisha lina grili. Tuna haki gani? — Fundi bomba, Muheza

Haki ya kutoka hai moto ukiwaka. Mwongozo wa IFC na EBRD unaweka watu wanane kuwa mwisho kwa chumba, nafasi ya mita 1 kati ya kitanda na kitanda, na sentimita 70 hadi 110 kati ya kitanda cha chini na cha juu. Kama una maana ya vitanda vinane vya ghorofa, mko 16, na hiyo imevuka kila mpaka.

Lakini grili ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Kila chumba cha kulala lazima kiwe na grili moja yenye bawaba, inayofunguka kutoka ndani bila ufunguo wa kutafuta gizani. Fundi wa kuchomelea huikata na kuweka bawaba na komeo kwa siku moja. Ombeni hilo kwanza, kwa maandishi, kupitia mwakilishi wenu wa usalama na afya, kwa mwajiri na kwa mkandarasi mkuu aliyemwajiri. Mkandarasi mkuu ndiye mwenye mengi ya kupoteza. Msiposikilizwa, ofisi ya kanda ya OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) inapokea malalamiko ya wafanyakazi. Wakati mnasubiri: hakuna kupikia ndani, mtungi wa gesi ukae nje, na msiunganishe chaja zote kwenye waya mmoja wa kurefushia.

Mpangaji wangu ni mwalimu, ananilipa shilingi 120,000 kwa mwezi. Kampuni ya usafirishaji inataka nyumba hiyohiyo kwa 480,000. Nimtoe mwalimu? — Mama mwenye nyumba, Korogwe

Mama, tuanze na fedha. Tuseme kampuni inakaa miezi 14: ni shilingi 6,720,000. Kampuni itakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa, zinabaki 6,048,000. Watataka kiyoyozi, tangi la maji, samani na rangi mpya, na mara nyingi hilo linakula milioni mbili au tatu. Wakiondoka, watakuwa wameondoka na wenzao wa mtaa mzima, na utatafuta mpangaji siku ileile wanayotafuta majirani zako wote. Mwalimu kwa miaka mitano anakulipa 7,200,000, na shule haihami.

Huko Williston, mji wa mafuta wa North Dakota, Marekani, watu walikuwa 14,716 mwaka 2010 na 29,160 mwaka 2020. Katikati ya muongo huo kodi za nyumba zilipanda hadi kuwa miongoni mwa za juu kabisa Marekani nzima, na watumishi wa kawaida wa mji wakashindwa kupanga. Kisha bei ya mafuta ikashuka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, na nyumba zikabaki bila watu. Mwaka 2015 baraza la mji liliamua kuzifunga kambi zilizokuwa ndani ya mipaka yake ili wafanyakazi waliobaki wahamie kwenye nyumba za kudumu. Ni hatua nzuri, ingawa ilichelewa.

Ushauri wetu: mwache mwalimu. Kama una nafasi uani, wajengee kampuni vyumba viwili, na mkataba uwe na mambo matatu. Malipo ya miezi sita mbele. Notisi ya siku 60, si 7. Na kiwango cha chini kinacholipwa hata vyumba vikiwa vitupu kwa sababu mradi umesimama. Kodi iandikwe kwa shilingi, kwa sababu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2025 zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Anayekuahidi dola kwa mdomo anakuingiza kwenye kosa.

Mkandarasi amesema atatuachia kambi kazi ikiisha, igeuzwe shule ya sekondari au kituo cha afya. Madiwani wamefurahi. Tuangalie nini? — Afisa mipango, Tabora

Tabora mna kiwanda cha kuvisha mabomba koti la kuhifadhi joto pale Sojo, Nzega, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta na lazima yasafiri yakiwa na joto la kama nyuzi 50. Kiwanda na kambi ni majengo tofauti kabisa, na zawadi ya kambi inaweza kuwa mzigo.

Vyumba vya kambi vingi ni paneli nyepesi au kontena. Kontena kwa ndani lina upana wa kama mita 2.35. Darasa linahitaji kama mita 7 kwa 9. Huwezi kupata darasa kwa kuunganisha kontena bila kukata mbavu zake, na ukizikata linalegea. Paneli zenye povu la plastiki ndani huwaka haraka na moshi wake unaua, kwa hiyo zisiwe mabweni ya wanafunzi kamwe. Zenye pamba ya mwamba ni salama zaidi. Toboeni paneli moja mwone kilichomo kabla ya kusaini chochote.

Mali yenyewe iko chini na pembeni: kisima, barabara, sakafu za zege, transfoma, uzio, jiko kubwa, bohari. Hivyo vina thamani ya miaka mingi. Mtambo wa majitaka unahitaji tahadhari. Bakteria wake huishi kwa chakula cha kila siku na umeme wa kila saa. Kambi ya watu 800 ikiwa kituo cha afya cha watu 30, mtambo hufa ndani ya wiki chache. Afadhali mjenge karo la kawaida.

Mazungumzo yafanyike wakati mkandarasi bado anawahitaji, mwaka mmoja kabla hajafunga, kwa sababu baada ya hapo mhandisi mliyemzoea atakuwa nchi nyingine. Kwanza, ardhi ni ya nani? Kama ilikodiwa kwa ahadi ya kurudishwa kama ilivyokuwa, mwenyewe lazima akubali. Pili, daftari la vitu vyote, kikiwemo kila kiyoyozi na pampu, na namba zake. Tatu, vipimo vya maji ya kisima kutoka maabara. Nne, vipimo vya udongo chini ya matangi ya dizeli na karakana. Udongo wenye mafuta auondoe yeye kwa gharama yake. Tano, michoro ya mabomba na nyaya kama zilivyojengwa, maana mtatafuta bomba lililovuja kwa sururu mkiikosa. Sita, nani analipa umeme na mlinzi kuanzia siku ya makabidhiano? Kambi isiyo na mlinzi kwa wiki mbili hubaki bila nyaya, bila masinki na bila milango.

Kama tungechagua sisi, tungeomba chuo cha ufundi. Karakana ipo, bohari ipo, na vijana waliojifunza kuchomelea kwenye bomba wapo tayari kufundisha.

Nilijenga vyumba 30 vya mabati Lokichar wakati wa matumaini. Malori ya mafuta yalisimama 2020 na vyumba vimekaa bure. Nibomoe? — Msomaji, Turkana

Pole, ndugu. Wengi walijenga pamoja nawe. Mafuta yalipogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012 kila mtu aliona mji, na malori yalipoanza kubeba mafuta kwenda Mombasa mwaka 2018, kisha meli ya kwanza kuondoka Agosti 2019, matumaini yalikuwa na msingi. Usibomoe, na usisubiri mafuta pia. Panga kwa wateja ambao tayari wanapita mlangoni: Lokichar iko kwenye barabara kuu ya Kitale–Lodwar inayoelekea Sudan Kusini.

Chukua vyumba 10 tu uvitengeneze kwa madereva. Mahitaji yao ni ua wenye ukuta na taa, maji ya kuoga, chakula usiku na usingizi wa ubaridi. Joto ndilo linalowafukuza kwenye mabati. Weka dari ya ubao ikiachana na bati angalau sentimita 30, fungua matundu juu pande zote mbili yenye wavu wa mbu, paka bati rangi nyeupe ya kuakisi, na inua kivuli cha makuti upande wa machweo. Vyumba vingine 12 viunganishe vitatu vitatu viwe nyumba nne za kupangisha kwa watumishi wa kaunti na wahudumu wa afya. Vyumba vinane vya mwisho ondoa mabati yake uyatumie kwenye ukarabati. Mafuta yakirudi, utakuwa na nyumba zinazoingiza pesa na kiwanja cha kuongeza nyingine.

Kikundi chetu cha wanawake 22 kinalima mboga. Kambi jirani inanunua kutoka Dar es Salaam. Tufanye nini watununulie sisi? — Katibu wa kikundi, Kilindi

Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika mafuta za mwaka 2017 ziko upande wenu, lakini mpishi mkuu wa kambi hanunui kanuni. Ananunua mboga iliyofika saa 12 asubuhi, kila siku, kwa uzito ulioahidiwa.

Kambi ya watu 200 hula kama kilo 40 hadi 50 za mboga kwa siku. Msiahidi zote. Anzeni na mchicha, nyanya na hoho, kilo 15 kwa siku, kwa miezi miwili, na mgawane zamu za kupanda ili kila wiki kuwe na tuta linalovunwa: mchicha kila wiki, nyanya kila baada ya wiki mbili. Mkipanda wote siku moja mtakuwa na mboga za kumwaga mwezi mmoja na sifuri mwezi unaofuata, na mkataba utavunjika hapo. Vuneni alfajiri, wekeni kwenye kreti za plastiki. Nyanya zikisafiri kwenye gunia, za chini hufika zikiwa maji, na mpishi atazikata kwenye bei.

Ulizeni mapema malipo yanatoka baada ya siku ngapi. Kampuni za chakula hupenda siku 60, na kikundi kisicho na akiba hakivuki hapo. Ombeni siku 14, au pelekeni kidogo hadi mpate akiba ya mbegu na mbolea ya miezi miwili. Mtahitaji kikundi kilichosajiliwa, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) kama mauzo yenu yamefikia kiwango. Nunueni mizani yenu. Pimeni kabla ya kutoka shambani, pimeni tena getini mbele ya mtunza bohari, na asaini hati ya kupokelea palepale, nakala moja ikibaki kwenu. Mzozo wa kilo nne unaoibuka baada ya wiki tatu hauna mshindi bila karatasi hiyo.